Jackie Coogan (1914–1984): Mchezo, Kazi na Ujira wa Mtoto katika Filamu Bubu

1.0 Utangulizi

Kitenzi kucheza kina mawanda mapana katika Kiswahili. Mtoto hucheza mchangani, kijana hucheza mpira, wari hucheza ngoma, na mwigizaji naye husemwa kuwa amecheza filamu. Wanataaluma wa sanaa za maonyesho wamependelea kusema kuigiza, pengine kwa sababu neno kucheza halibebi dhana ya jasho wala ya ujira. Makala haya yanachunguza maisha ya mtu ambaye utata wa namna hiyo hiyo, ingawa katika lugha nyingine, ulimpatia umaarufu wa dunia nzima kabla hajatimiza miaka saba na kumgharimu sehemu kubwa ya mali yake alipokuwa mtu mzima. Mtu huyo ni John Leslie Coogan, aliyejulikana kwa jina la Jackie.

Maandishi kuhusu Coogan kwa kawaida hufuata mojawapo ya njia mbili. Wanahistoria wa sinema humtaja kama sehemu ya habari za Charles Chaplin, na humwacha mara tu filamu ya The Kid inapokwisha. Wanasheria humtaja kama jina la sheria, wala hawana haja na alichokifanya mbele ya kamera. Kwa maoni yetu, njia hizo mbili hazifai kutenganishwa. Sifa kubwa aliyopewa mtoto huyu na hadhira yake ilikuwa kwamba hakuigiza bali alicheza tu kama watoto wote wachezavyo. Sifa hiyo hiyo iligeuzwa kuwa hoja dhidi yake mahakamani mwaka 1938. Kwa sababu hiyo tutakawia katika filamu moja na katika kesi moja. Mengine tutayapitia kwa wepesi.

2.0 Jukwaani kabla ya kamera

Coogan alizaliwa Los Angeles, jimbo la California, Marekani, tarehe 26 Oktoba 1914. Baba yake, Jack Coogan, alikuwa mcheza dansi na mchekeshaji wa vodevili. Mama yake, Lillian, naye alitoka katika ulimwengu huo huo wa jukwaa. Vodevili ilikuwa aina ya maonyesho mchanganyiko yaliyozunguka kutoka mji hadi mji, ambamo wimbo, dansi, kiinimacho, sarakasi na kichekesho kifupi vilifuatana bila kuunganishwa na kisa kimoja. Msomaji anayekumbuka maonyesho ya vikundi kama vile Muungano na Tanzania One Theatre, ambamo ngoma, sarakasi, taarab na maigizo vilipokezana usiku mmoja, hatapata shida kuielewa. Katika mfumo huo mtoto wa msanii alilelewa nyuma ya pazia, na mara nyingi aliingizwa jukwaani mapema sana, kwa sababu za kiuchumi zaidi kuliko za kisanaa.

Jackie alionekana mbele ya kamera akiwa mtoto mchanga katika filamu ya Skinner's Baby ya mwaka 1917. Hilo si jambo la kulipa uzito mkubwa. La uzito zaidi ni kwamba kufikia mwaka 1919 alikuwa akipanda jukwaani pamoja na baba yake, akicheza dansi za wakubwa na kuiga watu. Chaplin alimwona katika ukumbi wa Orpheum mjini Los Angeles mwaka huo huo.

Wahakiki wengi wameihusisha shauku ya Chaplin kwa mtoto huyo na msiba uliomfika wakati ule. Mwanawe wa kwanza alizaliwa tarehe 7 Julai 1919 akafariki siku tatu baadaye. Uhusiano huo hauwezi kupuuzwa, lakini usifanywe kuwa maelezo ya kila kitu. Chaplin alikuwa na sababu nyingine iliyomkaa tangu utotoni: yeye mwenyewe aliingizwa katika nyumba ya maskini ya Lambeth, London, mwaka 1896, kisha akapelekwa katika shule ya Hanwell ya watoto mayatima na mafukara. Aliyajua maisha ya mtoto anayechukuliwa na gari la serikali. Alichokuwa hajakipata ni mtoto wa kuyaonyesha.

Inasimuliwa kuwa Chaplin alipopata habari kwamba mchekeshaji Roscoe Arbuckle amekwisha kumwajiri Coogan alifadhaika sana, hadi alipobaini kuwa aliyeajiriwa na Arbuckle ni baba, si mtoto. Baba alikubali kumtoa mwanawe kwa Chaplin bila ya ugumu wowote. Mtoto mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi, hakuwa na sauti katika mkataba huo.

3.0 The Kid

Upigaji wa The Kid ulianza katikati ya mwaka 1919 na kuendelea, kwa kukatizwa mara kadhaa, hadi mwaka uliofuata. Kwa Chaplin muda huo haukuwa wa kawaida. Nyingi za filamu zake za awali zilikuwa za nusu saa au chini ya hapo. Hii ilikusudiwa kujaza zaidi ya saa moja. Kampuni ya First National, iliyokuwa ikimdai filamu, ilikosa subira, naye akaitolea haraka A Day's Pleasure mwezi Desemba 1919, ambamo Jackie anaonekana kidogo. Mwezi Agosti 1920, ndoa ya Chaplin na Mildred Harris ikiwa inavunjika na mawakili wakiwa tayari kukamata mali zake, aliisafirisha mikanda hadi Salt Lake City na kuihariri hotelini. Onyesho la kwanza lilifanyika New York mwezi Januari 1921.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwanamke asiye na mume, anayeigizwa na Edna Purviance, anamtelekeza mwanawe mchanga katika gari la tajiri. Wezi wanaliiba gari na kumtupa mtoto jalalani. Mzururaji maskini anamwokota na kumlea kwa miaka mitano. Mama, ambaye sasa amekuwa mwigizaji mashuhuri, anamtafuta mwanawe. Serikali inataka kumpeleka mtoto katika nyumba ya mayatima. Mwishowe mama na mtoto wanakutana, na mzururaji anakaribishwa mlangoni mwa nyumba ya kitajiri.

Kwa upande wa maudhui, jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba mtoto wa filamu hii ni mfanyakazi. Mzururaji anajipatia riziki kwa kutengeneza vioo vya madirisha. Mtoto hutangulia mtaani na kuvunja vioo kwa mawe, kisha mlezi wake hupita nyuma yake kana kwamba kwa bahati, akiwa na vioo vipya mgongoni. Huu ni utani, na hadhira hucheka. Lakini ni utani wa kiuchumi: bila ya jiwe la mtoto hakuna kazi, na bila ya kazi hakuna chakula. Nyumbani pia ni mtoto anayepika chapati za maji, huku mlezi akiwa bado kitandani anasoma gazeti. Chapati zinapofika mezani zinahesabiwa na kugawanywa sawa kwa sawa, hii yako, hii yangu. Tunaiona sehemu hiyo kuwa muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwani mgawo huo wa haki baina ya mtoto na mlezi wake ndio ambao Coogan hakuupata katika maisha yake.

Vile vile mtoto huyu ana bei. Karibu na mwisho, mwenye nyumba ya kulala wageni anasoma gazetini kwamba imetangazwa zawadi ya fedha kwa atakayempata, naye anamnyakua usiku, mlezi akiwa usingizini, na kumpeleka polisi. Hatudai kwamba Chaplin alikuwa mtabiri. Alijua tu, kutokana na utoto wake mwenyewe, kwamba mtoto maskini huhesabiwa ama kuwa mzigo ama kuwa chanzo cha pato.

Tukigeukia fani, uigizaji wa Coogan hauna budi kuelezwa kwa kuzingatia teknolojia ya wakati ule. Katika filamu bubu sauti haikunaswa, kwa hiyo mwongozaji aliweza kuzungumza na mwigizaji wakati kamera ikizunguka. Mtoto hakulazimika kukariri maneno. Chaplin alimwonyesha kitendo, mtoto akakiiga. Kikarudiwa mara nyingi, tena na tena, hadi mwongozaji aridhike. Kilichomtofautisha Coogan na watoto wengine waliopitia studio za Hollywood ni usahihi wa kuiga kwake. Tazama namna anavyorudi nyuma polepole akikaribia kulirusha jiwe, na mkono wake unapomgusa polisi aliyesimama nyuma yake: anageuka, anatabasamu, analirusha jiwe juu kidogo na kulidaka kana kwamba alikusudia kulichezea tu, kisha anatimua mbio. Huo ni mwendo wa Chaplin mwenyewe, uliopunguzwa kimo. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuubuni. Lakini kuunakili kwa kiwango hicho, kwa wakati wake na kwa kipimo chake, ni ustadi ambao wakubwa wengi walioishi kwa kumwiga Chaplin hawakuufikia.

Sehemu mashuhuri kuliko zote ni ile ya maofisa wa nyumba ya mayatima kumchukua mtoto. Anapandishwa garini, anainua mikono na kulia, huku mlezi akikimbia juu ya mapaa ya nyumba ili kuliwahi gari. Chaplin, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1964, anaeleza jinsi kilio hicho kilivyopatikana. Mtoto alikuwa mchangamfu siku ile na hakuweza kulia. Baba yake akamwambia kwamba asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kweli katika nyumba ya maskini. Mtoto akalia kwa uchungu. Kisha Chaplin, aliyeingiwa na huruma, akambembeleza na kumhakikishia kuwa hatachukuliwa na mtu. Mtoto akamnong'oneza kwamba alijua baba yake anatania.

Masimulizi haya hutajwa sana, lakini aghalabu hukatizwa kabla ya mnong'ono. Yakikatizwa hapo, yanatupa picha ya mtoto aliyetishwa, na kilio chake kinakuwa kilio halisi kilichonaswa na kamera. Yakisomwa hadi mwisho, picha inabadilika. Ikiwa mtoto alijua kuwa tishio si la kweli, basi alilitumia kama mwigizaji yeyote anavyotumia chambo cha hisia. Inawezekana pia kwamba aliogopa kwanza na kujikaza baadaye, na kwamba maneno yake yalikuwa njia ya kulinda heshima yake. Watoto hufanya hivyo. Hata hivyo, tafsiri zote mbili zinamkuta akiwa kazini. Ama alikuwa fanani aliyejua anachokifanya, ama alikuwa mtoto aliyeumizwa ili bidhaa ipatikane. Tafsiri ya tatu, kwamba alikuwa anacheza tu, haina mahali pa kusimama katika tukio hili, na hiyo ndiyo iliyoenea.

4.0 Miaka ya neema

Baada ya The Kid, Coogan hakurudi kwa Chaplin. Familia ilikwisha kuelewa thamani yake sokoni. Peck's Bad Boy na My Boy zilitoka mwaka 1921. Trouble na Oliver Twist mwaka 1922. Daddy, Circus Days na Long Live the King mwaka 1923. A Boy of Flanders na Little Robinson Crusoe mwaka 1924. Kampuni ilianzishwa kwa jina lake, baba akiwa msimamizi. Mwaka 1923 alihamia kampuni ya Metro, na malipo ya kutia saini peke yake yaliripotiwa kuwa dola 500,000. Jumla ya mapato yake akiwa mtoto imekadiriwa kuwa kati ya dola milioni tatu na nne, kiasi kikubwa mno kwa thamani ya fedha ya miaka ile. Yeye mwenyewe alikuwa akipewa posho ya dola 6.25 kwa wiki.

Ubora wa filamu hizo haukulingana. Nyingi zilirudia umbo lile lile la yatima mwenye kofia kubwa na suruali iliyomzidi, anayepata mlezi mzee mwenye moyo mwema. Oliver Twist, iliyoongozwa na Frank Lloyd, Lon Chaney akiwa Fagin, ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa inamweka mtoto baina ya watu wazima wanaomtumia bila ya kuificha dhuluma yao nyuma ya vichekesho.

Pamoja na filamu, jina na sura yake viliuzwa katika bidhaa: wanasesere, vifaa vya kuandikia, siagi ya karanga na vinginevyo. Coogan ni miongoni mwa watu wa kwanza wa sinema ambao sura zao ziligeuzwa kuwa chapa ya biashara kwa mapana hayo. Mwaka 1924 aliitumikia Near East Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1915 kuwasaidia manusura wa mauaji ya Waarmenia na wakimbizi wengine wa Dola ya Osmania. Alizunguka Marekani na Ulaya na kupokelewa na Papa Pius XI, na misaada ya chakula na nguo iliyokusanywa ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Mtoto aliyejulikana kwa kuigiza yatima alikuwa sasa anawalisha mayatima halisi. Hapana shaka kuwa jambo hilo lilikuwa pia tangazo zuri kwa filamu zake, lakini chakula kilifika.

Hapa yafaa kugusia jambo moja kando. Watoto weusi walikuwamo katika sinema ya wakati huo huo. Ernie Morrison (1912–1989) na Allen Hoskins (1920–1980) walipendwa sana katika mfululizo wa vichekesho vifupi vya Our Gang, vilivyoanza mwaka 1922 chini ya Hal Roach. Walikuwa waigizaji mahiri. Hata hivyo, hadhi ya Coogan, ya mtoto ambaye filamu ndefu inasimama juu ya majonzi yake, haikutolewa kwao. Hadhira ya Marekani ilikuwa tayari kucheka na mtoto mweusi. Kulia naye lilikuwa jambo jingine. Suala hilo linastahili makala yake.

Kupungua kwa Coogan kulitokana na kimo. Mwaka 1927 nywele zake ndefu, zilizokuwa sehemu ya chapa, zilikatwa, na tukio hilo lenyewe likauzwa kama filamu, Johnny Get Your Hair Cut. Buttons na The Bugle Call zilitoka mwaka huo huo. Kisha ikaja sauti. Alirudi kwa muda akiwa Tom Sawyer mwaka 1930 na katika Huckleberry Finn mwaka 1931, lakini mdogo wake Robert, aliyezaliwa mwaka 1924, ndiye aliyekuwa sasa mtoto wa kutazamwa, katika Skippy ya mwaka 1931.

Tarehe 4 Mei 1935 Jackie alikuwa safarini akitoka kuwinda njiwa huko Meksiko. Katika milima ya mashariki ya San Diego gari lililoendeshwa na baba yake lilipinduka. Baba alikufa, alikufa pia mwigizaji kijana Junior Durkin, aliyekuwa Huckleberry Finn wake katika filamu hizo mbili, pamoja na watu wengine wawili. Jackie peke yake alinusurika. Alibakiwa na miezi mitano kutimiza umri wa miaka 21.

5.0 Mahakamani

Kwa mujibu wa yale Coogan aliyoyaamini, fedha zake zilikuwa zimehifadhiwa na angekabidhiwa atakapofikisha umri wa utu uzima. Mwezi Oktoba 1935 alifikisha umri huo, na hakukabidhiwa kitu. Mama yake baadaye aliolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa mshauri wa fedha wa familia. Tarehe 11 Aprili 1938 Coogan aliwafungulia mashtaka mama na baba wa kambo katika mahakama ya Los Angeles.

Magazeti yaliifanya kesi hii kuwa ngano ya mama mwovu, yenye makoti ya manyoya, almasi na magari. Vitu hivyo vilikuwapo. Lakini msomaji akiishia hapo atakosa kiini cha jambo. Mama huyo alikuwa na sheria upande wake. Sheria ya California, ikifuata kanuni ya kale ya Kiingereza, ilimpa mzazi haki ya huduma na mapato ya mtoto asiyefikia utu uzima. Kanuni hiyo haikuwa ya ajabu katika mazingira yaliyoizaa. Katika kaya inayoishi kwa jembe au kwa mifugo, mtoto achungaye ng'ombe wa baba hadai mshahara wa mwezi. Hula kwenye sinia lile lile, na kesho huenda akarithi zizi. Uchumi wa kaya huchanganya kazi na malezi, na wala jamii haioni dhuluma. Dosari ilitokea pale kanuni ya zizi ilipohamishiwa kwenye studio, ambako mtoto ndiye aliyeleta karibu pato lote, pato hilo likawa la mamilioni, na kilichobaki cha kurithi kikategemea hiari ya mtu mmoja.

Upande wa utetezi haukuegemea sheria peke yake. Mama na mume wake walidai kwamba Jackie alifurahia maisha yake yote, kwamba alidhani anacheza tu mbele ya kamera, na kwamba hakuna aliyewahi kumwahidi chochote. Madai hayo matatu yanategemeana. Kilichofanyika kikiwa ni mchezo, hakuna kazi. Pasipo kazi hakuna ujira. Na pasipo ujira ahadi pekee ndiyo ingeweza kuleta deni. Wahakiki wa mwaka 1921 walioshangilia kwamba mtoto huyu haigizi hawakukusudia kumdhuru, lakini walikuwa wamekwisha kuandika nusu ya utetezi huo.

Shauri lilimalizika mwaka 1939 kwa makubaliano. Kati ya takriban dola 250,000 zilizokuwa zimebaki, Coogan alipata dola 126,000 hivi, na gharama za mawakili zikalipwa kutokana na hizo. Ndoa yake na mwigizaji Betty Grable, iliyofungwa mwaka 1937, ilivunjika mwaka huo huo wa 1939. Inasemekana kuwa katika dhiki hiyo alimwendea Chaplin, naye akampa dola 1,000 papo hapo.

Ghadhabu ya umma ilizaa sheria. Mwaka 1939 bunge la California lilipitisha sheria ya waigizaji watoto inayojulikana hadi leo kwa jina la Coogan. Iliiwezesha mahakama, inapoidhinisha mkataba wa mtoto, kuamuru sehemu ya mapato yake iwekwe akiba kwa faida yake. Udhaifu wake ulikuwa katika sharti hilo la idhini: mkataba usiopelekwa mahakamani haukuguswa, na ajira nyingi za muda mfupi hazikupelekwa. Tena, fedha zisizowekwa akiba ziliendelea kuwa za mzazi. Kizazi baada ya kizazi cha watoto kilipita katika mwanya huo. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000 ndiyo yaliyotamka kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 yawekwe amana katika kila ajira. Kati ya kesi na tamko hilo ilipita zaidi ya miaka sitini.

Wala Coogan hakuwa peke yake. Diana Serra Cary (1918–2020), aliyekuwa nyota wa filamu bubu kwa jina la Baby Peggy, naye alikua na kukuta mapato yake yamekwisha. Baadaye akawa mwanahistoria, na mwaka 2003 akachapisha kitabu cha maisha ya Coogan. Ni nadra kwa fani hii kupata mwandishi aliyeketi mwenyewe kwenye kiti hicho akiwa na miaka mitatu au minne, na yeyote anayetaka kulichunguza suala hili hana budi kuanza naye.

6.0 Baada ya kesi

Coogan alijiunga na jeshi la Marekani mwezi Machi 1941, kabla ya nchi yake kuingia vitani, na baadaye akawa rubani wa ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa angani na ndege nyingine kisha kuachiwa zitue kimya kimya. Mwezi Machi 1944 alikuwa miongoni mwa marubani waliowashusha usiku askari wa Jenerali Orde Wingate nyuma ya mistari ya Wajapani nchini Burma. Hivyo ndivyo vita vya Bama vinavyokumbukwa na wazee wetu wengi: miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na vikosi vya King's African Rifles, ilisonga mbele kupitia bonde la Kabaw katika mvua na malaria.

Baada ya vita hakukuwa na kazi ya kutosha. Alichukua nafasi ndogo ndogo katika filamu na televisheni, zikiwemo Cowboy G-Men katika miaka ya 1952 na 1953. Kati ya mwaka 1964 na 1966 alipata umaarufu wa pili katika tamthilia ya televisheni ya The Addams Family, akiwa Mjomba Fester, mtu mnene mwenye kipara, uso mweupe na macho yaliyozungukwa na weusi, ambaye balbu ya umeme huwaka akiitia mdomoni. Watazamaji wengi wa Fester hawakujua kwamba wanamtazama mtoto wa The Kid. Tukizitazama kazi hizo mbili pamoja, tunaona kwamba ustadi ni ule ule wa mwili: Fester huchekesha kwa kutazama, kwa kunyata na kwa kutulia ghafla, zaidi kuliko kwa maneno aliyoandikiwa.

Mwaka 1972 Chaplin, baada ya takriban miaka ishirini ya kuishi nje ya Marekani, alirudi Los Angeles kupokea tuzo ya heshima, na Coogan alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumlaki.

Katika miaka hiyo hiyo nakala ya Oliver Twist, iliyodhaniwa kuwa imepotea kabisa, iligunduliwa Yugoslavia. Haikuwa na maandishi yale yanayopachikwa kati ya picha ili kueleza kisa na mazungumzo. Ili kuyarudisha, waliofanya ukarabati waliwaendea mtayarishaji wake, Sol Lesser, na Coogan, aliyekuwa na umri wa miaka sitini hivi. Wawili hao walisaidia kuyaunda upya, zaidi ya miaka hamsini baada ya mtoto yule kuyatamka mbele ya kamera isiyosikia.

Coogan alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Santa Monica tarehe 1 Machi 1984, akiwa na umri wa miaka 69, na akazikwa katika makaburi ya Holy Cross, Culver City.